Ndoo ya Nesi

Jumamosi, Februari. Joto linanata mwilini. Naandika nikiwa intaneti kafe ya mtaa wa pili kutoka kwetu, feni inazunguka bila kuleta upepo.

Kwa yeyote atakayepita hapa kwa bahati: Baba ameomba ukaazi wa New Zealand kwa familia yetu, kama fundi stadi. Anakereza vyuma kwenye mashine za karakana za mtaa wa Gerezani tangu kiwanda chao kilipobinafsishwa na wao wakapunguzwa. Ombi lina jina lake mbele. Mama na mimi tumeandikwa chini yake. Hapa Kariakoo hakuna anayejua, maana kwetu safari haitangazwi mpaka uwe umefunga mkanda kwenye ndege.

Kazi yangu ni kuangalia, kwa kuwa nipo kidato cha tatu na Kiingereza cha kwenye kompyuta nakisoma vizuri (kukizungumza ni habari nyingine). Kila Jumatatu nikitoka shule napita hapa, na maneno ni yale yale: ombi limepokelewa, lipo kwenye foleni.

"Wamelifungua?" Baba anauliza.

"Bado."

Anasema labda faili limelaliwa na mengine, anatakiwa mtu wa kulisukuma. Anamtafuta mtu anayefahamiana na mtu. Nimeshindwa kumweleza kwamba kule hakuna benchi la kukalia mpaka karani akuonee huruma.

Jumatatu hii nilisoma zaidi. Foleni ni mbili. Moja ni ya watu wote. Nyingine ni ya wale ambao kazi zao zinahitajika haraka. Hao hushughulikiwa kwanza, hata kama wameomba jana. Nikatafuta ukerezaji wa vyuma. Haumo. Nikaendelea kushuka.

Uuguzi umo.

Mama ni nesi.

Wiki nzima nimelibeba peke yangu. Unamwambiaje mtu aliyekwisha kupunguzwa kazini mara moja kwamba hata huko alikopeleka matumaini yake, wa haraka si yeye ila mkewe? Niliandika namna ya kumwambia nyuma ya daftari la baiolojia, nikafuta, nikaandika, nikafuta mpaka karatasi ikatoboka.

Leo asubuhi maji yalitoka. Uani kwetu ndoo ndizo zinazopanga foleni, wenyewe wanakaa pembeni wakipiga soga. Mama alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka zamu ya usiku, kwa hiyo Baba akatoka na ndoo ya Mama, ile nyekundu ambayo nyumba nzima inaijua. Bi Mwanaidi, mpangaji wa chumba cha mbele, akaiona.

"Pisheni ndoo ya nesi! Mwenzenu kakesha na wagonjwa, aoge alale."

Ndoo zikasogezwa. Hakuna anayenung'unika tangu Mama alipomzalisha jirani koridoni, teksi ikiwa bado inatafutwa.

"Baba Rehema, leo unapita kwa mgongo wa mkeo, eeh?"

"Napita, Bi Mwanaidi! Ningekuwa na aibu ningekuwa nanuka."

Watu wakacheka. Baba alicheka kuliko wote, na mimi nikaona nisiposema leo sitasema tena.

Nilimfuata koridoni. Nikanong'ona, "Baba, na kule wana foleni ya manesi."

Akaweka ndoo chini. Nikamweleza yote, haraka haraka, macho yangu yakiwa kwenye maji. Akawa anafuta mikono kwenye shati ingawa haikuwa na grisi.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayewachelewesha."

"Hapana, Baba."

"Sijakasirika, mwanangu. Najaribu kuelewa."

Kisha akabisha hodi chumbani kwake mwenyewe. Sijawahi kumwona akibisha hodi kwenye mlango ule.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, bado na sare yake, viatu kavua. Alimsikiliza Baba mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sasa mwombaji ni mimi."

"Ukikubali," Baba akasema.

"Kumbe leo naulizwa." Hakusema kwa ukali. "Mara ile nililetewa karatasi nisaini, nikasaini. Wacha nioge, nilale. Nikiamka nitawajibu."

Akachukua taulo na ndoo yake, akatupita.

Baba hakwenda Gerezani. Amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, redio kaizima ili asimwamshe Mama, na mtoto wa Bi Mwanaidi akipita akipiga kelele, Baba anamwonyesha kidole mdomoni anyamaze. Mimi nikakimbilia huku.

Wiki nzima niliogopa Baba ataumia. Hata mara moja sikufikiri kwamba Mama anaweza kukataa. Nilimtafuta kwenye orodha ya kazi, nikamkuta, nikafurahi kama mtu aliyeokota ufunguo. Mama anapenda wodi yake? Anaogopa baridi? Yupo tayari kumwacha Bibi kule Masasi? Nayajua masharti ya nchi ile kuliko ninavyomjua yeye.

Nimefungua ukurasa wa ombi kwa mazoea. Bado lipo kwenye foleni. Nimeufunga.

Muda niliolipia unakwisha. Nikifika na Mama bado amelala, nitakaa chini karibu na kigoda cha Baba. Akiamka, kabla hajajibu lolote, je, nitathubutu kumuuliza anataka nini?