Bado Kidogo, Upande wa Kushoto

Alhamisi, 19 Machi

Nimemnyoa Baba. Kazi safi. Sijisifu — basi, najisifu, daftari ni langu. Nimenyoa vichwa katika nchi nne na katika hoteli moja yenye lifti ya kioo. Nimemnyoa balozi akasinzia chini ya wembe wangu kama mtoto mchanga. Katika videvu vyote hivyo ni kimoja tu kinacholalamika. Cha Baba.

Kila Alhamisi ni hivyo hivyo, kwa sababu Alhamisi saluni haina watu. Napanda ghorofa ya pili kwa Dada, anakoishi Baba tangu Mama afariki. Kiti karibu na dirisha, taulo, maji ya moto, brashi. Ndevu zinaondoka zote, masharubu yanabaki. Yale masharubu ni mali ya ukoo. Namaliza, nampa kioo. Anageuza shavu la kushoto kwenye mwanga. Anavuta pumzi. "Bado kidogo, Profesa. Upande wa kushoto."

Hakuna kilichobaki. Inzi angeteleza pale, akavunjika mguu. Lakini Baba alikuwa mpiga chapa maisha yake yote, na jicho lake linatafuta kosa hata mahali lisipokuwepo. Basi napaka povu upya, nakwangua hewa, tunapiga soga nusu saa nyingine. Profesa ananiita kwa sababu niliiacha shule kidato cha pili. Yeye anasema shule ndiyo iliyoniacha mimi.

Siku hizi anasahausahau. Leo miwani yake tumeikuta kwenye friji. Akasema ilikuwa imechoka, ameipumzisha.

Kuna ugonjwa unakuja. Redio haina habari nyingine.

Jumanne, 24 Machi

Wametufungia. Lokdauni. Saluni, baa, shule, kila kitu chenye mlango. Mtu anatoka kununua chakula na dawa tu. Mwenzangu wa kiti cha pili — tunamwita Spika, maana yeye haongei, anatangaza — alisimama barabarani kutangaza kwamba huu ni upuuzi, serikali haiwezi kuamuru nywele zisiote. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Nikampigia Dada: Alhamisi nitapita kwa uchochoroni, polisi wananijua, nusu yao nimewanyoa mimi.

Hakucheka. Alisema mapafu ya Baba yamejaa wino na vumbi la karatasi, daktari alishasema hata mafua ya kawaida yatamlaza. "Mdogo wangu, usije. Wewe umeshika mashavu ya mji mzima."

Kweli. Nimeiangalia mikono yangu kama ya mtu mwingine.

Alhamisi, 2 Aprili

Alhamisi ya pili bila Baba. Leo nimeweka nadhiri, mbele ya kioo cha bafuni, hakuna shahidi ila mswaki. Sijinyoi mpaka nimnyoe Baba. Yaani wembe wangu hautagusa uso wowote kabla ya ule. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na mimi ni nani niwabishie wahenga.

Naona ni jambo la heshima kabisa. Nikimwambia atafurahi.

Alhamisi, 9 Aprili

Nacheka, lakini vibaya.

Dada aliomba mume wake amnyoe Baba, mimi nimwelekeze kwa simu ya video. Shemeji ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alimshika Baba kidevu kama anashika bomba. Mimi napiga kelele huku: Shemeji, taratibu, huyo si geti! Yeye: Tulia basi, mbona mzee hasemi kitu. Baba hasemi kwa sababu kapumbazwa na hofu. Akakata masharubu upande mmoja. Akasawazisha. Upande wa pili ukazidi kuwa mfupi. Akasawazisha tena. Mwisho wa kusawazisha masharubu ni kutokuwa na masharubu.

Shemeji akamwonyesha Baba kioo. Baba akatazama, akatazama nyuma ya kioo, akauliza kwa adabu: "Huyu mgeni kaja saa ngapi?"

Tulicheka wote watatu. Dada ndiye aliyenyamaza kwanza.

Jumapili, 26 Aprili

Nimeenda kusimama chini ya roshani yao. Nina kapu la sokoni mkononi, kwa hiyo kisheria natafuta vitunguu. Barakoa usoni, ndevu zimejaa, zinatokeza pembeni kama majani kwenye godoro la zamani. Dada akamtoa Baba nje. Nikapunga. Nikacheza kidogo pale barabarani, mtu mzima, na kapu langu.

Nilimsikia vizuri, sauti yake bado ni ya kiwandani, ya kushindana na mashine.

"Nani yule chizi?"

"Profesa huyo, Baba."

"Profesa hana ndevu. Profesa ni kinyozi. Umewahi kumwona wapi kinyozi mwenye ndevu kama kichaka?"

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ukingo wa mtaro. Mzee bado ana makali. Nimewasimulia majirani wote hadithi hii, nimewaigizia na sauti.

Jumatano, 6 Mei

Mama yake Spika amefariki.

Alikuwa ananyoa watu kwa siri, uani kwa mama yake. Mteja akaja na kikohozi. Spika akakohoa wiki moja, akapona. Kikamwingia mama. Wamemzika watu waliovaa nguo nyeupe mwili mzima, yeye kaachwa nyuma ya geti, anatazama kwa mbali kama mtu asiyehusika.

Nimempigia. Spika ambaye akinong'ona mtaa wa tatu wanasikia. Alisema neno moja, "Ndugu yangu," kisha nikabaki nasikiliza pumzi.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Nimewatania wateja kwa methali hiyo miaka yote nikidhani inahusu nywele.

Jumamosi, 9 Mei

Redioni wameleta wataalamu wawili kupima faida na hasara za kutufungia. Mmoja anataja roho zilizookolewa. Mwingine anataja maduka yaliyokufa, watoto wasiosoma, waume wanaopiga wake. Wote wana sauti nzuri, wote wamesoma. Kila mmoja akimaliza nasema kweli kabisa. Kisha nikajikuta nimenyoosha mkono jikoni kwangu kama niko darasani. Swali langu: shavu la Baba linaingia upande gani?

Hawakunichagua.

Alhamisi, 21 Mei

Simu. Baba hataki kushika simu tena. Dada anasema kutwa anakaa akitazama mlango. Zamani kulikuwa na mimi, na jirani wa bao, na yule mama wa magazeti. Sasa hakuna anayepanda ngazi. Daktari kamwambia Dada kwamba akili ya mzee ni kama njia ya miguu, isipopitwa inaota majani.

Nikamwambia Dada nakuja leo hii hii.

Akasema: "Njoo. Halafu umuue."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa analia. Nimekaa kitandani na viatu mguuni hadi jioni, kisha nikavivua.

Jumatatu, 15 Juni

Wamelegeza! Kuanzia leo. Kwa barakoa, kwa tahadhari, lakini wamelegeza. Nimenoa, nimechemsha, nimepangusa kila chuma kwa spiriti. Nimepima, sina ugonjwa. Taulo jipya, jeupe, la hoteli — nilipewa zawadi na meneja. Sawa, sikupewa.

Alhamisi, 18 Juni

Niandike hivi hivi ilivyokuwa.

Nilipanda ngazi mbilimbili. Dada akafungua, akanitazama, akasema pole. Sikuelewa pole ya nini.

Baba kwenye kiti chake, dirishani. Kakonda. Ndevu nyeupe uso mzima, maana tangu siku ile Shemeji hakuruhusiwa kumgusa tena.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, fundi. Karibu. Wamekutoa mbali?"

Nikadhani ni utani wake. Nikamjibu kwa utani kwamba nimetoka ng'ambo, kwa meli. Akasema pole na safari. Alikuwa anamaanisha.

Nikatia povu. Mkono haukutetemeka, hilo tu ndilo ninaloweza kujisifia leo. Naye akaanza kuongea, vile wateja wanavyoongea na kinyozi wasiyemjua. Kwamba ana mtoto kinyozi. Fundi hasa, tena kakuzidi wewe, usikasirike. Mwongo kidogo, moyo mkubwa, shule ilimwacha. Alikuwa anakuja kila Alhamisi. Ameacha kuja.

"Sijui nilimkosea nini," akasema. "Labda nilimchosha. Nilikuwa namwambia bado kidogo, upande wa kushoto. Haikuwa bado. Nilitaka tu asiondoke mapema."

Wembe niliuweka mezani.

"Baba. Ni mimi. Profesa." Nikashusha barakoa.

Akaziangalia ndevu zangu, ndevu za nadhiri yangu, kwa ile huruma unayomtazama nayo mtu asiye na akili timamu. Akanigusa mkono. "Profesa hana ndevu, fundi. Lakini asante kwa kunifariji."

Dada alikuwa mlangoni. Shemeji, jitu lile linalobeba mageti, alitoka akaenda kusimama kwenye ngazi.

Nikamaliza. Nikampa kioo. Akajitazama mara moja, hakugeuza shavu. Akasema imetosha, fundi, umefanya vizuri. Uende salama, uwasalimie nyumbani.

Imetosha. Tangu nishike wembe, baba yangu hajawahi kuniambia kwamba imetosha.

Ijumaa, 19 Juni

Nimejinyoa. Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata — methali ina mkia, nami nilishika kichwa tu. Nimejikata kidevuni.

Mjinga mimi. Nilidhani namwekea heshima, kumbe nilikuwa nauficha uso pekee aliokuwa bado anaukumbuka. Aliniambia mwenyewe kutoka roshani, kwa sauti ya kiwandani, nami nikaifanya kichekesho cha mtaa.

Jumapili, 21 Juni

Spika alipita saluni. Tumefungua mlango nusu. Kapungua, hata sauti. Nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamnyoa kichwa chote, maana alikuja kama mtu aliyelala porini.

Nikamweleza ya Baba. Akasema: "Wako angalau yupo hai."

"Yupo. Hanijui."

"Wangu alinijua mpaka mwisho. Nesi alimshikia simu. Unajua aliniambia nini? Mwanangu, umekula?" Akapangusa nywele shingoni. "Haya, tubadilishane. Unasemaje?"

Nilitafuta mzaha. Mimi, mtu wa mizaha. Nilizima mashine, nikasimama nyuma yake, tukatazamana kwenye kioo.

Najua hivi: wasingetufungia, ningeenda. Najijua. Ningepita uchochoroni na begi langu na maneno yangu ya polisi wananijua, na Alhamisi moja ningempelekea mauti kwenye povu, kama Spika. Kwa hiyo walifanya vizuri. Naandika: walifanya vizuri. Na huku naandika, nawachukia. Spika kawatukana tangu siku ya kwanza, na sasa anasema laiti wangekuja na bunduki wamfungie ndani. Vinyozi wawili, na mizani hatuna.

Alikataa kuondoka kabla hajafagia nywele zake mwenyewe.

Alhamisi, 25 Juni

Naandika hapa hapa kwa Dada, dirishani, daftari kwenye goti.

Nilipoingia nilisema shikamoo, Baba. Akasema marahaba. Hilo tu. Si fundi, si Profesa. Akakitazama kile kidonda kidevuni, juu ya barakoa iliyoshuka, akakitazama kwa muda mrefu. Dada alinionya mapema: daktari kasema tusimlazimishe, tusimwambie huyu ni fulani, aje mwenyewe kama atakuja. Kwa hiyo sikusema. Mimi, kunyamaza. Spika angekufa kwa kicheko.

Nimemnyoa polepole. Masharubu yamerudi, nimeyapitia pembeni kama napita msikitini wakati watu wanasali. Hakuongea hata neno. Hakunisimulia habari za mtoto wake kinyozi. Sijui kama hiyo ni heri au shari.

Nimempa kioo. Nimekuja kukaa huku kwenye upepo, barakoa mfukoni, ili anione uso mzima akitaka. Dada anakunja nguo ambazo ameshazikunja. Naandika ili mikono iwe na kazi, na nisimkodolee macho.

Anajitazama. Shavu la kulia. Kidevu. Kagusa masharubu kwa kidole.

Kaweka kioo chini.

Dada kaacha kukunja.

Kakichukua tena. Kanitupia jicho, kisha kioo. Anageuka kidogo kwenye kiti. Anageuza shavu la kushoto kwenye mwanga.

Anavuta pumzi