Mfuko wa Juu ya Kabati

Ng'ambo, Tabora
Jumatatu, baada ya alasiri

Kwako mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Shikamoo ya pili mfikishie mama mdogo Batuli, na ya tatu naiweka akiba hapa hapa, maana ukishamaliza kusoma barua hii huenda usiwe na hamu ya kuniitikia. Magoti yanaendeleaje? Na mguu wa mama mdogo, ameanza kuukanyagia? Sisi huku wazima. Nurdini anakohoa kidogo kwa hili vumbi letu, wajukuu zako wanakula kama wamefunguliwa kamba, na paka wako amezaa tena, watatu, ndani ya kapu la nguo chafu.

Najua unashangaa kuona barua wakati kila jioni unanipigia simu. Kwenye simu nakuhadithia mvua, nakuhadithia majirani, lakini kuna neno moja limenikwama kooni wiki tatu sasa. Nimejaribu kulisema mara nne. Mara ya kwanza nilisingizia mtandao, ya pili nikasingizia maharage yanaungua, na hizo mbili nyingine nilikata tu. Wewe hutuambia kwamba babu wa baba yako alikuwa mpagazi, alibeba mzigo kichwani kutoka hapa mpaka huko Ujiji uliko, na hakuudondosha hata siku moja. Mimi kilembwe chake nimeshindwa kubeba sentensi moja. Basi nimempa Mayala wa stesheni aipandishe kwenye treni.

Jambo lenyewe linahusu ule mfuko wako wa juu ya kabati. Tulia, mama. Usishike simu. Soma kwanza mpaka mwisho.

Ulipoondoka uliniachia maagizo mawili. La kwanza, stoo isafishwe kwa sababu mchwa wameanza kupanda ukutani. La pili, chumbani kwako asiingie mtu, na mimi mwenyewe nikiingia iwe ni kufagia tu. La kwanza nililifanya kwa bidii kubwa mno. Mama, ile stoo! Nilitoa viti vinne vya plastiki ambavyo ukijumlisha miguu yote unapata kumi na mmoja. Nilitoa pasi ya mkaa, runinga ya kichogo, feni isiyo na panga hata moja, na masufuria yaliyoachana na mifuniko yake tangu nikiwa darasa la tatu. Nikakumbuka Bi Gulshan wa duka la vyombo, walivyofanya walipohamia Dar es Salaam: walitandaza vitu vyao vyote barazani, kila kimoja kimebandikwa karatasi ya bei, na mtaa mzima ukaenda kuchagua. Nikasema, na sisi tuna baraza. Kitakachopatikana tumjengee mama choo cha kukaa, magoti yapumzike. Nia yangu ilikuwa hiyo, Mungu ni shahidi, ingawa nia njema haijanisaidia kitu.

Jumamosi asubuhi nikatandaza mikeka, nikapanga vitu, nikakaa. Saa moja haikupita, wakaanza kuja watu na nyuso za msiba. Mtu wa hapa akiona vyombo vya ndani vimetoka nje, anajua kuna aliyekufa au kuna aliyeachwa. Mama Kulwa alikuja amejifunga khanga kiunoni na kilo mbili za unga mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini nani ametutoka. Nilipomweleza akasema unga ukishatoka nyumbani kwa ajili ya msiba haurudi, akauacha. Tumeshaula. Wengine walisadiki kwamba Nurdini ameniacha, na mmoja akamsimamisha njiani kumwomba anisamehe.

Nurdini naye alikuja mbio, akakuta viatu vyake vyeusi vya harusi juu ya mkeka. Alivitazama, akageuka akaondoka. Baadaye kidogo akatokea Mabruki wa gereji akavinunua bila hata kupatana bei, nami nikajisifu kwa biashara. Usiku nikavikuta chini ya kitanda chetu. Kumbe mume wangu alimtuma mwenzake akamnunulie viatu vyake mwenyewe! Redio ya marehemu baba sikuiuza, usihofu. Niliiweka nje nusu saa, watu wakaanza kuigombania, nikairudisha ndani nikaikumbatia.

Mchana akaja Adelina, yule fundi cherehani wa mtaa wa nyuma anayefundisha kwaya ya watoto kanisani kwao. Alitazama vitu vyote, akaniuliza kama sina kitambaa cheupe. Watoto wake walikuwa na mashindano Nzega, na majoho yalipungua manane. Nikamjibu sina. Akanishukuru, akageuka kuondoka. Mama, angeondoka tu! Lakini siku ile nilikuwa nimelewa kuuza. Nikamwambia anisubiri kidogo. Nikaingia chumbani kwako, nikapanda juu ya kigoda, nikashusha mfuko, nikafungua fundo. Kitambaa cheupe, kizuri, kimekunjwa vizuri, mita na mita. Nilijiambia ni mashuka uliyopewa zawadi ukaona uvivu kuyashona. Adelina alikishika kwa vidole viwili kama mafundi wanavyoshika, akafurahi, akalipa, akaenda.

Siku nne zikapita, nami nalala vizuri. Halafu Jumatano ile ukanipigia ukasema umeota mchwa wanapanda kabatini kwako, na ukaniomba niiangalie sanda yako.

Nilikaa sakafuni, mama, pale pale jikoni. Wewe ukaendelea kuzungumza. Ukanikumbusha jinsi ulivyouza vitumbua miaka kumi na moja mpaka ukafika Makka, ulivyoilowesha sanda hiyo kwenye maji ya zamzam, ukaianika juu ya paa la hoteli na kukaa nayo mchana kutwa ukifukuza njiwa kwa kandambili, wenzako wakikucheka. Ukasema mama mdogo Batuli yuko hapo anasikia, na awe shahidi yako kwamba siku yako ikifika atakayekuosha ni Tunu, na atakachokuvika ni hicho. Kisha ukaniuliza kama kiko salama. Nikakujibu salama.

Nilitoka na ndala mbili zisizofanana nikakimbia kwa Adelina. Nilimkuta anapiga pasi. Majoho manane yalikuwa yametundikwa kwenye kamba, shingoni yana utepe wa rangi ya dhahabu. Nikamwambia kile kitambaa nilikosea, nakihitaji. Akacheka, akasema nimechelewa, akanionyesha jinsi kilivyokaa vizuri. Ningemwambiaje? Ni mama gani angemvisha mwanawe joho akijua kwamba ni sanda? Adelina angeyachoma moto yote, na watoto wale wangebaki wanalia. Nikaomba mabaki tu, nikamdanganya kwamba nataka cha kufunikia chakula. Akanipa kipande kimoja.

Kwa hiyo mama, ujue sanda yako ilipanda basi ikaenda Nzega. Imeimba sauti ya kwanza na ya pili, na imeshika nafasi ya pili kati ya kwaya tisa. Adelina mwenyewe alinihadithia kwa furaha, na mimi nikampongeza. Jumapili iliyofuata nilipita makusudi nje ya kanisa wakati wanatoka. Nikakiona kitoto cha miaka sita hivi, joho linaburuza, kinalamba barafu, na ile barafu nyekundu inakichuruzikia kifuani juu ya zamzam yako. Nilitaka kucheka, nikalia. Mlinzi wa kanisa akadhani nataka kubatizwa.

Sasa ninakuja kwenye neno lenyewe, kwa sababu hayo yote ungeweza kunisamehe ukasema Tunu ni mtu wa pupa tangu utotoni.

Nilikwenda dukani kwa Hitesh, nikanunua bafta nyeupe, mita zile zile. Nikailowesha kwenye maji ya bomba niliyotia marashi. Nikaianika uani, nikaifukiza udi, nikaikunja kwa mikunjo ile ile, nikaitia katika mfuko wako, nikafunga fundo kama lako na kuurudisha juu ya kabati. Hata vumbi nililirudishia. Jioni uliponipigia ukauliza tena, nikakujibu salama, na safari hii sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Nilijisifu. Nikasema mama hatajua kamwe, na siku ya kujua atakuwa hana macho ya kuona.

Halafu Ijumaa ya wiki ile ile uliyoota mchwa, kama nilivyokuambia, mama yake Mabruki akafariki, Mungu amrehemu. Nikaitwa kusaidia kumuosha, mara yangu ya kwanza. Nilimwaga maji, nikashika vitambaa, nikafanya kila nililoelekezwa. Kabla ya kumfunika uso, binti yake aliinama akamsemesha sikioni. Alikuwa anamwomba msamaha, sijui wa nini. Aliomba, akanyamaza, akasubiri kidogo kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Yule marehemu hakusema kitu. Ndipo fundo likafungwa.

Nikajiona mimi, mama, nimeinama juu yako hivyo hivyo na bafta ya Hitesh mkononi, nakufunga katika uongo wangu na kukuaga. Ningekuomba msamaha na wewe usingeniitikia. Nikaona bora nikuombe sasa, ungali na mdomo wa kunifokea.

Na nimalize yote. Nimekuandikia hapo juu kwamba nilijiambia ni mashuka. Ni kweli nilijiambia. Lakini nilipofungua lile fundo harufu ya udi ilinipiga puani, na mkono wangu ukasita. Nilisita, mama. Nilikuwa nakumbuka kitu, na sikutaka kukikumbuka mpaka mwisho, kwa kuwa Adelina alikuwa anasubiri nje na mimi nilishaonja utamu wa kuuza. Ungekuwepo ungeuona uso wangu ungejua. Nurdini sijamwambia. Adelina hajui, na nakuomba asijue maisha yake yote. Tunaojua ni Mungu, mimi, na sasa wewe.

Ile bafta nimeishusha, iko kitandani kwangu. Kile kipande alichonipa Adelina nimekifua kwa mkono, nimekikunja, nimekiweka peke yake ndani ya mfuko. Nimekipima: kinatosha shungi, la kufunika kichwa chako tu. Cha mwili sina. Ukitaka niuze cherehani yangu nikakutafutie njia ya kwenda tena Makka, nitaiuza, safari hii kwa ruhusa. Na ukiamua kwamba mimi si wa kukuosha tena, mwambie mama mdogo abadilishe ushahidi wake, nitakubali. Ila usimpe wifi yangu, ana mkono mzito, hata vyombo huvivunja.

Choo cha kukaa kimekamilika, kina mfuniko wa rangi ya samawati. Hakuna anayekitumia. Tumekifunga tunakusubiri, ingawa kila nikikipita naona aibu.

Wajukuu wanakusalimu na wanauliza utaleta dagaa wangapi. Nurdini anakusalimu, amevaa viatu vyake. Wasalimie wote wa Ujiji wanaonijua, wala usiwaambie kwa nini unalia, kama unalia. Mungu akupe afya na umri, akurudishe kwetu ukiwa unatembea mwenyewe.

Jioni ya siku utakayoipata barua hii, hata ukichelewa kupiga, sitakupigia. Nitakaa barazani na simu mapajani, na ile shikamoo ya tatu niliyoiweka akiba naitoa sasa.

Shikamoo, mama.

Nasubiri.

Mwanao,
Tunu