Bushi ya Mpingo

Mbagala, Temeke
Dar es Salaam
Jumamosi, mvua imekatika sasa hivi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninapoiandika barua hii nakuona umeketi karakanani kwako, maranda yamekujaa mapajani, umeiinua barua karibu na uso kwa sababu miwani umeisahau ndani. Kifua kinaendeleaje? Aliyeniletea barua yako alisema umeacha kukohoa, lakini alijibu haraka mno, nikamuuliza mara tatu. Huo ukungu wa Newala naujua. Tafadhali usianze kazi kabla jua halijatoka. Na maji je, bomba linatoa, au watu wanateremka tena bondeni na ndoo? Mie ni mzima. Nimekonda kidogo, ila si kwa maradhi, na nikikusimulia utaelewa.

Nimekaa miezi miwili bila kukuandikia, na kisa ni pikipiki.

Yule daktari wa kigeni aliyekuwa hapa kwenye zahanati, aliporudi kwao alituachia pikipiki yake. Ni ya Kijerumani, kubwa, nyeusi, na ikilala chini huwezi kuiinua peke yako. Kwa kuwa waganga wenzangu waliiogopa, nikajifunza mimi. Mwanzoni wanaume walikuwa wanasimama kando ya Barabara ya Kilwa kunitazama, wengine wakicheka, sasa wamezoea. Huwa naipanda kwenda kwa akina mama wajawazito wa vijiji vya Kongowe, Vikindu na Chamazi, ambako gari halifiki kila siku. Wanawake wameibatiza Mama Ngurumo. Wakiisikia kwa mbali wanatoka na kadi zao za kliniki na kuketi mkekani kunisubiri.

Kuna asubuhi, Baba, umande ukiwa bado kwenye mikorosho, napita pale na kujisahau kabisa. Harufu ya korosho ni ileile ya nyumbani. Mashine inanguruma chini yangu, njia ya mchanga inajikunjua yenyewe, na mie naona kama siendeshi bali nabebwa usingizini. Mara nyingi nimefika Chamazi nisijue nimepitia wapi.

Asubuhi moja ya namna hiyo ndipo iliponiangusha. Gurudumu la nyuma lilianza kuyumba kulia na kushoto, na nilipofunga breki tukalala mchangani wote wawili, mie na Mama Ngurumo. Nilichubuka goti tu. Vijana waliokuwa njiani walinisaidia kuisukuma hadi Temeke kwa fundi wangu, Bwana Shomari, Mzaramo aliyejifunzia ufundi kwenye mashamba ya mkonge. Aliifungua, akatia kidole ndani, akakitoa kimejaa unga wa shaba.

"Bushi zimekwisha," alisema. "Zimelika zote mbili."

Bushi, Baba, ni pete nene, urefu wake kama kidole gumba. Ziko mbili, na ndani yake hupita chuma kinachobeba gurudumu la nyuma. Zikilika, gurudumu linacheza, na likicheza unaanguka.

Kwenye duka la mjini linalouza spea hizo walituambia hawana, na kuziagiza kunataka kibali cha fedha za kigeni. Labda mwaka mmoja, labda zaidi. Bei waliyoitaja sikuweza hata kuirudia mbele ya Shomari. Wakubwa wangu ofisini nao wakasema basi, pikipiki iwekwe stoo na mie nikae zahanatini. Mama atakayeweza atanifuata.

Lakini Baba, kuna mama mmoja Chamazi, anaitwa Zuhura. Alikwisha kuzika watoto wawili siku zilezile za kuzaliwa kwao, na wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilipompima mara ya mwisho alinishika mkono, akaniuliza, "Sista, na safari hii utakuwepo?" Nikamwambia nitakuwepo. Nilisema bila kufikiri, na kila nilipokaa bure zahanatini nilikuwa nalisikia swali lake.

Tukaanza kutafuta bushi za kubahatisha. Shomari ni bingwa wa hayo. Waya wa klachi alikuwa amekwisha kuniwekea wa breki ya baiskeli, plagi ilitoka kwenye trekta la kijiji, na kioo chekundu cha taa ya nyuma alikikata kwenye taa iliyovunjika ya lori. Pikipiki ilikuwa ya Kijerumani kwa jina tu. Tulizunguka mtaa wa Gerezani siku tatu, tukipekua masanduku ya vyuma chakavu mpaka vidole vikawa vyeusi. Tukapata bushi ya pampu ya maji. Ilikuwa laini, ikalika kwa siku mbili. Shomari akachonga nyingine kwa raba ya tairi, ile wanayotengenezea viatu vya makatambuga, na hiyo ilinifikisha Mtoni tu.

Siku hiyo ya raba nilikaa kwenye benchi la Shomari, chini ya bati, jua la saa saba likiwaka. Alikuwa anapiga nyundo taratibu, na usingizi ukanichukua hapohapo. Nikaingia karakanani kwako. Kerezo lako lilikuwa linazunguka na sauti yake ile ya kuvuta pumzi, na hewa yote inanukia mpingo, ile harufu tamu inayotoka mti unapopata joto. Ulinipa kitu cheusi cha mviringo, bado cha moto, na mie nikakifumbata. Nilipozinduka mkono wangu ulikuwa umefumba, na nikakumbuka jambo la kweli kabisa: ule mkokoteni wa ushirika wa korosho, ambao uliutilia vikombe vya mpingo kwenye ekseli chuma kilipokosekana. Ulisukumwa miaka yote niliyokuwa shuleni, na sikuona mtu akiutia grisi.

"Fundi," nikasema, "kwani lazima iwe chuma?"

"Sasa unataka iwe nini, ugali?"

"Mti."

Alicheka hadi akaweka nyundo chini. "Mti! Kwenye pikipiki ya Mjerumani!" Halafu akaichukua ile bushi ya raba iliyosagika, akaigeuzageuza. "Mti gani?" akauliza.

Kesho yake tulikwenda Mwenge kwa wachongaji wa kwetu. Tulimkuta Bwana Kasiani, mtu wa Nandagala mwenye kimo kifupi na macho ya upole, akisugua sanamu kwa msasa. Shomari alimweleza, akamwonyesha kipimo. Kasiani hata hakukiangalia.

"Mie nachonga watu na mashetani," alisema. "Vyuma nendeni kwa mafundi."

Shomari alikwisha kugeuka aondoke. Mie nikachuchumaa, nikamsalimu Kasiani kwa lugha yetu, nikamwambia mie ni binti wa nani na ninafanya kazi gani. Nikamweleza habari za Zuhura. Aliendelea kusugua, kisha akasema kwa lugha yetu vilevile kwamba mkewe wa kwanza alifariki kwa uzazi, wakisubiri lori.

Alianza kazi mchana huohuo. Bushi ya kwanza ilipasuka Shomari alipoigonga kuiingiza. "Mti huu mbichi," Kasiani akasema. "Unataka uliokauka miaka." Aliingia ndani, akakaa kitambo, akatoka na sanamu ambayo haijamalizika, mzee anayevuta kiko, uso umechongwa na miguu bado gogo. Ilikuwa kazi ya mdogo wake aliyefariki, naye alikuwa ameihifadhi tangu siku za msiba. Aliishika mapajani muda mrefu mno, mimi nikatamani kumwambia tuache. Kisha akachukua msumeno, akakata chini ya kifua.

Alizikereza bushi mbili, akizipima kila mara kwa chuma cha Shomari, na zilipokamilika tukazichemsha kwenye mafuta ya nyonyo mpaka zikaacha kutoa mapovu. Shomari aliziingiza kwa kiganja cha mkono, bila nyundo. Aliikamata pikipiki kwa nyuma akaitikisa kwa nguvu zake zote, na gurudumu halikucheza. Akafuta mikono kwa tambara, akanikabidhi ufunguo.

Niliiendesha wiki sita. Nilikuwa napita kwenye mikorosho nimetega masikio nyuma, nikingoja kule kuyumba kurudi, na hakukurudi.

Jumapili moja mchana, mtu alikuja zahanatini na baiskeli, jasho linamtiririka. Uchungu wa Zuhura ulikuwa umeanza kabla ya siku zake. Nilipofika Chamazi na kumpima, nilihisi kichwa cha mtoto kiko ubavuni. Alikuwa amelala kikingamo. Mtoto wa namna hiyo hazaliwi mkekani, anataka upasuaji, na hospitali iko mjini. Gari la wagonjwa halikuwa na petroli. Magari ya watu nayo, unajua, Jumapili baada ya saa nane hayaruhusiwi barabarani, kwa ile amri ya kubana mafuta.

"Utaweza kukaa?" nikamuuliza.

"Nitaweza, ukinishika."

"Siwezi kukushika, mie nashika usukani."

Mama mkwe wake akavua khanga yake, akaleta na nyingine mbili. Tukampandisha nyuma yangu, na yule bibi akatufunga pamoja, mgongo wangu na kifua chake, fundo kubwa mbele ya tumbo langu, kama unavyombeba mtoto. Baba, sijui nikuelezeje safari ile. Kila uchungu ulipomshika niliusikia mgongoni mwangu, unakuja, unakaza, unaachia, mpaka sikujua tena pumzi ipi ni yangu. Mchanga, minazi, watoto waliosimama mlangoni, vyote vilipita kimya kimya, na mie nilikuwa nausikia ule mti ukizunguka chini yetu. Zuhura alikuwa ananiimbia sikioni, au anajiimbia mwenyewe, wimbo wa kubembeleza mtoto.

Mtoni, askari akatusimamisha katikati ya barabara.

"Hujui leo Jumapili? Kibali kiko wapi?"

"Kibali nimekifunga mgongoni," nikamwambia.

Alizunguka nyuma, akaona khanga, akaona tumbo, na Zuhura akapiga kelele wakati uleule. Yule askari akavua kofia. Alikimbia mbele yetu mpaka darajani akipunga mikono kufukuza watu, hali barabara ilikuwa tupu.

Walimpasua jioni ileile. Nilikaa nje kwenye ngazi, khanga tulizofungwa nazo mapajani, nikizikunja na kuzikunjua. Muuguzi alipotoka sikuthubutu kumtazama usoni. "Wa kike," akasema. "Analia vibaya sana huyo." Mama yake naye alifumbua macho kabla giza halijaingia.

Wiki iliyofuata mkubwa wangu wa ofisi alikuja kuikagua pikipiki, kwa kuwa alikuwa ameambiwa imewekwa stoo, na sasa amesikia imeonekana barabarani. Alichungulia nyuma, akaona pete nyeusi inang'aa.

"Spea hii imetoka nchi gani?"

Shomari alikuwa amepiga magoti pale anafuta mafuta. "Newala, Mheshimiwa," akajibu, bila hata kutabasamu. Mkubwa akaandika hivyohivyo kwenye karatasi yake. Naomba, ukipata mtu wa kuja na basi, unitumie vipande vya mpingo mkavu, vya zamani kabisa. Kasiani amebakiwa na kichwa na kifua cha mzee yule, na sitaki akate zaidi.

Sasa Baba, nimefika kwenye lile ambalo limenifanya niichane barua hii mara mbili. Mwaka jana, bila kukuambia, niliomba uhamisho nije kufanya kazi huko kwetu. Nilitaka nikushtue, uamke tu asubuhi unikute nimesimama mlangoni na sanduku. Kibali kilifika wakati pikipiki iko vipande vipande. Nilikaa nacho mfukoni wiki nzima, nikipika chai yako kichwani, nikikukanda mgongo, nikikusikia ukinisemesha kutoka karakanani. Kisha nilikirudisha ofisini, nikaomba apewe Sista Agnes, ambaye mama yake hajiwezi huko Masasi. Ndiye atakayekuletea barua hii. Mpokee vizuri. Ukimtazama, jua kwamba nafasi aliyopewa ilikuwa yangu, na kwamba sikuiacha kwa wepesi. Unikasirikie kwa siku mbili tatu, ni haki yako, halafu unisamehe.

Nisalimie Shangazi anayekupikia, mwambie khanga zake nitamletea mwenyewe. Msalimu Mjomba wa duka la ushirika, na kaka Fidelisi mwalimu, nimesikia amepata darasa jipya. Mama Mdogo mpe pole ya miguu, asiache kuinyoosha juu ya mto akilala. Na watoto wote wa jirani waliokuwa wakinisindikiza bondeni. Wengine bila shaka wana watoto wao sasa.

Mvua imeanza tena. Matone yanadondoka kutoka kwenye bati, na Shomari amekuja kuniuliza kama kesho natoka. Nimemwambia natoka, mapema, nikapime akina mama wa Vikindu.

Mie binti yako, ninayekupenda na ambaye bado siji,

Skolastika