Milango ya Mama Dhahabo

Dada Mwanajuma,

Asalaam aleikum. Kabla hujauliza: ndiyo, nakula, ndiyo, naswali, hapana, sijaoa. Nyinyi huko Hola je? Mguu wa Mama umepoa? Mto umeshuka, au bado mnafulia mlangoni? Ningepiga simu, lakini wewe ukinipandishia sauti mimi huanza mzaha, na habari hii nikiifanyia mzaha itanikaba.

Kwanza nijisifu, maana nafasi ya sifa leo ni hii tu. Hapa Isiolo mdogo wako ana jina. Watu wa huku huchanganya Kiborana, Kisomali na Kimeru ndani ya salamu moja, kwa hivyo mimi nikifungua mdomo na Kiswahili cha kwetu, soko linageuka. Bwana Kirimi, Mmeru mwenye duka la maziwa ya ngamia, alinisikia nikibishana juu ya mpira akaniajiri papo hapo. Kazi yenyewe? Kusimama nje ya duka na kuita. "Baridi kama Mlima Kenya! Mgonjwa akinywa anapona, mzima akinywa anaoa!" Dada, watu walikuwa wanacheka huku wameshaingia.

Sasa nina swali la Kiingereza, wewe uliyemaliza kidato cha nne ukanicheka mimi niliyeishia njiani. Siku moja askari wa kaunti walikuja kututimua barabarani sisi wapiga kelele. Walisema "tout" hatakiwi tena mjini. Kirimi akaniambia, "Usijali. Acha ku-tout, sasa uta-canvass." Nikamuuliza, kwani tofauti ni gani? Akasema zote mbili ni kutafuta wateja, ila yule wa kwanza humwitia yeyote anayepita, na wa pili huwafuata watu huko waliko, mlango kwa mlango, akiwauliza. Mimi nikaona ni kitu kile kile, kimevalishwa tai tu.

Mama Dhahabo angenifundisha kama ningemuuliza. Huyu ndiye mama wa Kiborana aliyenipokea nilipofika bila godoro. Mpaka leo nalala kwake, mtaa wa Chechelesi, pamoja na wanawe. Yeye pia huuza maziwa ya ngamia, na kabla ya Kirimi mimi ndiye niliyembebea mitungi nyumba hadi nyumba. Akina mama wa maziwa wa hapa wana desturi yao: kila nyumba ina mama yake. Mwingine hagongi pale, hata maziwa yake yakimwagika. Nilipopata kazi dukani hakununa. Alisema hivi:

"Bakari, mdomo ni wako. Piga kelele mpaka ukauke. Anayefuata kelele amejileta mwenyewe. Lakini milango yangu usiiguse."

"Mama! Mimi niguse mlango wako? Mkono si utaoza?"

Nikaigusa. Jua lilikuwa kali, Dada, na ni nani angehangaika na mitaa asiyoijua, yenye mbwa asiowajua? Ya Mama Dhahabo niliijua geti kwa geti. Nikamtangulia asubuhi. Nikagonga vile anavyogonga yeye, kwa sarafu kwenye bati, nikaita "Aanan!" Ndivyo Waborana wanavyosema maziwa. Wakafungua. Mke wa mwalimu mmoja akaniuliza, "Leo Mama Dhahabo amekutuma wewe?" Nikamjibu, "Onja kwanza."

Jibu hilo si uongo. Ndiyo maana linanichoma. Uongo ningeutubia yakaisha.

Basi akaonja, akapenda baridi yake, na wengine hivyo hivyo. Mama Dhahabo alipofika na mtungi wake akaambiwa, "Tumeshachukua kwa kijana wako." Kijana wako! Alirudi nyumbani akautua mtungi pembeni ukiwa umejaa. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Nikaenda kumfokea Kirimi. "Umenifanya nimpokonye mama yangu wa huku!"

Alikuwa anafuta kioo cha friji. Hata hakugeuka. "Kijana, mimi nilikwambia uzunguke mji. Mji huu una milango mingapi? Ile uliichagua mwenyewe."

Niliacha kazi hapo hapo. Nikarudi geti kwa geti kuwaomba warudi kwa Mama. Mke wa mwalimu akasema ananielewa, "lakini haya ya friji hayachachi mpaka jioni, na mtoto ameshayazoea." Wengine hawakufungua hata dirisha. Basi nikamwomba Mama Dhahabo anipe mitungi, nikamtafutie nyumba mpya upande wa pili wa mji. Akanitazama sana.

"Hapana, mwanangu. Ukigonga wewe sasa, watu watajiuliza umetoka kwa nani."

Kwa hivyo tofauti nimeijua, hata kama kamusi yako inasema vingine. Kelele zikinyamaza, barabara inasahau. Mtu aliyekufungulia mlango hasahau, na aliyekuwa na mlango huo kabla yako naye hasahau. Nimebaki kupakua magunia ya vitunguu kutoka mashamba ya Rapsu pale sokoni, kazi isiyotaka mdomo. Niambie, nihame kwake au nikae? Nikihama nitaonekana natoroka. Nikikaa, basi kila siku nitauona ule mtungi ukirudi umejaa.

Mama usimwambie. Nisalimie shemeji fundi baiskeli, na Bibi anayejifanya hasikii mpaka itajwe nyama. Mpwa wangu mwambie mjomba ni hodari sana. Yeye bado anaamini.

Naishia hapa, naitwa chai. Siku hizi chai ya nyumba hii ni nyeupe mno, kwa sababu maziwa yaliyokosa mnunuzi yote tunatiliwa sisi. Mama Dhahabo hujaza kikombe changu kwanza, kabla ya wanawe, na kunihimiza ninywe kabla haijapoa. Nakunywa.

Mdogo wako,
Bakari