Mguu wa Shemeji Rafaeli

Malangali, Sumbawanga

Dada yangu Justa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Kabwe, wewe, shemeji Rafaeli na watoto. Sisi hatujambo, ila baridi ya mwaka huu haina huruma. Mama analala na sweta. Mahindi tumeshavuna, ulezi bado uko uani. Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Nikisikia sauti yako nitaishia kuulizia dagaa.

Habari yenyewe ni ile pikapu ya dizeli ya mzee Eustace, aliyomnyang'anya shemeji alipomfukuza udereva. Bila shaka shemeji alikusimulia ilivyotetemeka mwili mzima huku juu kila alipoachia klachi aondoke. Mzee aliponiuliza, mimi fundi wake, nilijibu mbele ya wapakiaji kwamba klachi haina kosa, ila dereva ana mguu wa kukanyagia udongo wa matofali. Watu walicheka, nami nikanogewa. Tangu siku ile shemeji akawa anavua viatu na kuendesha pekupeku, kwenye baridi hii, ili aisikie pedali vizuri. Akafukuzwa hivyo hivyo.

Akaja dereva mpya, Wilibrodi, na gari likatetemeka vilevile. Ndipo nilipofungua boneti, nikakumbuka kazi ya mkono wangu. Pasaka nilipokuja kwenu, mzee aliniomba niirekebishe injini isile mafuta sana. Nililegeza skrubu nikashusha kile mafundi tunachoita sailensa, yaani kasi ya injini gari likiwa limesimama, palepale kwenu ziwani kwenye joto. Ikatulia, nikajisifu. Sikufikiri kwamba ikipanda huku juu asubuhi ya baridi itasuasua karibu kuzima, na klachi ikishika, gari zima litatikisika.

Dada, naona haya kuandika yanayofuata. Niliirudisha ile skrubu kimyakimya, mtetemo ukaisha, nikafunga boneti. Mzee akamsifu Wilibrodi kwa mguu mwepesi, nami nikaitikia kwamba ni kweli.

Jana nimemweleza mzee yote, wapakiaji wale wale wakisikia. Safari hii hakuna aliyecheka. Amenitimua, wala simlaumu. Kuhusu shemeji, amesema aje wazungumze, hakuahidi kitu.

Mama anawasalimu sana, anauliza kama Sharon ameshaota meno. Tafadhali msomee shemeji barua hii yote, usiruke neno kwa kunionea huruma. Na akija kwa mzee, mwambie avae viatu vyake.

Ni mimi mdogo wako,
Zephania