Barua za "Soma Haraka" na Kimya cha Shabani

Mikumi, Alhamisi, saa tisa alasiri. Jua limepiga mpaka lami inanata kwenye ndala. Umeme upo, mtandao upo, wateja hawapo. Nyani mmoja amekaa mlangoni ananitazama kama anataka kufungua anwani.

Mnaonisoma huku bloguni mnanijua. Mimi ndiye Beni, profesa wa intaneti kuanzia geti la mbuga mpaka mwisho wa gesti za madereva. Kidato cha pili kilinitosha, waliobaki shuleni bado wanatafuta kitufe cha kuwashia. Bosi yuko Morogoro, kompyuta ni mbili, mwenye amri ni mimi.

Leo sina majigambo mengi, ila niliona nianze nayo ili nisizoee vibaya.

Mtaa huu wa nyuma ya stendi una anwani moja ya imeli. Niliifungua mimi, nywila ninayo mimi. Mama ana mtoto Dar, mzee ana mjukuu Mbeya, wote wanatumia hiyo hiyo. Wanakuja wanasema, mimi naandika, jibu likija nalichapa na kuwapelekea. Kwa hiyo kila asubuhi nafungua sanduku lililojaa barua. "Mpe mama salamu." "Mwambie baba nimefika." Za mama wa mtu, za baba wa mtu.

Yangu hakuna hata moja.

Kwetu ni Kilosa, Magomeni. Bibi aliyenilea alipofariki, chumba chetu kikapangishwa, nikapanda gari kuja huku. Hakuna mtu kule anayejua kama nina anwani. Nikisema ukweli, hakuna anayejua kama nina meno.

Basi siku moja ikaingia barua imeandikwa "Rafiki Mpendwa". Haikutaja jina la mama wa mtu. Nikasema hii ni yangu. Ilikuwa inahusu mtoto wa miaka saba aliyepotea juzi, tuma kwa watu kumi na wanane, usipotuma utapata msiba ndani ya siku saba. Nikatuma. Kwa nani? Kwa walioko kwenye orodha, yaani ndugu wote wa mtaa wote. Watatu wakajibu. Mmoja aliandika tu "Mungu amsaidie", lakini kaka, nilifurahi siku mbili.

Baada ya hapo nikawa natuma kila iliyokuja. Soda yenye sumu. Sindano kwenye viti vya sinema, na mimi sinema yenyewe sijawahi kuingia. Kampuni inayogawa simu za bure kwa kila anayefowadi. Nilijua nyingine ni uongo? Nadhani nilijua. Sikutaka kuuliza.

Sasa niwaambie habari yenyewe.

Mume wa Mama Shabani, mziba pancha wa hapa barabarani, alifariki mwezi uliopita. Mtoto wao Shabani yuko Afrika Kusini, namba yake ya simu haipatikani tangu mwaka jana. Njia iliyobaki ni imeli, na imeli ni mimi. Nikamwandikia usiku wa msiba. Nikataka barua ionekane nzito, nikaipa kichwa cha habari kwa herufi kubwa: MUHIMU SANA!!! SOMA HARAKA USIPUUZE. Ndivyo nilivyoona barua za maana zinavyoandikwa. Kimya. Nikatuma ya pili, alama za mshangao nikaongeza. Kimya. Ya tatu, kimya.

Watu mtaani wakaanza kumsema Shabani. Na mimi nilikuwa kinara. Nilisema huko Afrika Kusini watu wanabadilishwa moyo.

Jumatatu Shabani akajibu. Hakujibu barua ya msiba, alijibu ile ya simu za bure. Nainakili ilivyo: "Wewe dogo unayeshika hii anwani, nimechoka na takataka zako. Kila kitu kinachotoka hapa nafuta bila kufungua, mwaka sasa; hii nimeifungua ili nikujibu tu. Mama yangu akitaka kuniandikia mwambie atafute mtu mwenye akili."

Nilisoma nimesimama. Kisha nikakaa.

Jumatatu yote sikumwambia mtu. Jumanne pia. Mjue na hilo. Nilikuwa na uongo wangu tayari, mzuri, umenyooka: mtandao ulikuwa mbovu. Mikumi hapa ukisema mtandao ulikuwa mbovu hakuna atakayekubishia hata akiwa hakimu. Ningefungua anwani mpya, ningemwandikia Shabani, angejibu, yangeisha. Profesa angebaki profesa.

Jumatano Mama Shabani akaniita. Yuko eda, hatoki wala haonekani na wanaume, kwa hiyo ukienda kwake unakaa kwenye kigoda nje ya mlango wa chumba na yeye anaongea nyuma ya pazia. Pazia lina maua ya njano. Nimeyahesabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Beni. Una daftari? Andika hii, halafu usiniandikie nyingine."

Nikafungua daftari.

"Arobaini ni wiki ijayo. Nimemwambia mwalimu kwenye dua ataje watoto wa marehemu, Shabani asimtaje. Huyo mwandikie hivyo. Mwambie mama yako amekutoa kwenye watoto wake."

Nikaandika "Shabani", nikaishia hapo.

"Umeandika?"

"Mama, hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui kama mzee amefariki. Hajazifungua. Mimi ndiye niliyemfanya asifungue."

Nikamweleza yote. Kumweleza mtu usiyemwona uso ni kubaya sana, huku unaongea na maua ya njano. Nilipofika kwenye habari ya msiba ndani ya siku saba, akauliza kwa sauti ndogo, "Na hizo za kutisha, ulikuwa unanitumia na mimi?"

"Wewe huna anwani, mama."

"Ungenitumia. Mimi nimeshafiwa, zingenitisha kwa lipi?"

Kisha akalia. Nilidhani analia kwa hasira, kumbe alikuwa anasema, "Hajui. Mwanangu hajui," kama mtu aliyetua gunia. Mimi nimekaa nje na daftari.

Aliponyamaza akawa mkali. Nifungue anwani yake peke yake, kwa jina lake. Nikamuuliza, Shabani atajuaje kama si mimi tena? Akafikiri. "Kichwa cha habari andika: Aliyejisaidia kwenye kofia ya baba yake siku ya Idi. Hiyo hata wewe na akili zako huwezi kuitunga."

Nikaiandika hivyo hivyo, herufi ndogo, bila mshangao hata mmoja. Ndani akataja jina la marehemu, siku aliyofariki, saa, na kaburi liko upande gani wa mnazi wa jirani. Nilipokuwa nachapa ndipo akili ikanijia. Barua zote nilizozituma hazikuwa na jina la mtu unayeweza kwenda kumbishia hodi. Kila kitu kilitokea "juzi". Yule mtoto aliyepotea ana miaka saba tangu nianze kazi hapa, hakui. Mwandishi anaapa kwamba amehakikisha, lakini hasemi amehakikisha kwa nani. Na mwisho wake ni ule ule: tuma, tuma, tuma. Mama wa kweli hamwambii mtoto wake awatumie watu kumi na wanane. Anamwambia njoo.

Leo asubuhi Shabani amejibu.

"Mama. Baba alifariki lini? Nimesoma lakini niambie tena." Chini yake: "Naondoka kesho na basi. Nikichelewa arobaini wasinisubiri, ila jina langu mlitaje."

Nimempelekea mama yake karatasi. Nimemsomea mara tatu pale kwenye kigoda. Kuhusu mimi Shabani hakuandika kitu, hata tusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi.

Nikasimama niondoke. Mama Shabani akasema, "Keti. Andika nyingine."

"Kwa Shabani?"

"Kwako."

Nikadhani sikusikia. Akarudia. Kwa Beni. Basi nikakaa nikaandika, yeye anasema, mimi naandika, kama ninavyowaandikia wengine: "Beni, mimi Mama Shabani wa nyuma ya stendi. Wewe ni mpumbavu. Umenikalisha mwezi mzima namchukia mwanangu wa kumzaa. Sijakusamehe, nikikusamehe utasikia. Mtu akitaka kuandikiwa hutoka akasema, hawatishi watu. Unakula wapi jioni? Jibu."

"Itume," akasema. "Usipunguze neno."

Sijapunguza. Nimeichapa, nimeituma kutoka kwenye anwani yake kwenda kwenye anwani yangu mpya, niliyoifungua mchana huu kwa jina langu mwenyewe. Imefika. Iko pale juu, peke yake, herufi nzito za barua ambayo haijafunguliwa.

Nyani ameondoka. Malori mawili yamepita kwenda Iringa. Najua kila neno lililomo, nimeliandika kwa mkono wangu, lakini nimeshika mausi robo saa sasa na sijabofya.

Barua ya kwanza ya mtu maishani, hivi huwa inafunguliwaje? Na hapo kwenye "unakula wapi jioni", nitamjibu nini ambacho si uongo?