Gari la Kusukuma

Nainokanoka, 12 Juni 1983

Mdogo wangu Clemensi,

Salamu nyingi. Hujambo, na kazi yako haijambo? Huku juu sisi ni wazima, isipokuwa gari.

Sikuandikii kwa ajili ya mambo ya zamani. Nakuandikia kwa sababu wewe ni fundi, na mafundi wengine wa hapo Karatu wote wanasema niwapelekee gari, wakati gari lenyewe haliwaki. Ni Landrova ya petroli, imepita miaka ishirini. Hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono ilipotea kabla sijainunua. Tangu baridi ianze na ukungu wa kreta kutuingilia hadi chumbani, kila asubuhi stata inazunguka mpaka betri inachoka. Mchana jua likitoka, inakubali kwa shida.

Dawa niliyonayo ni majirani. Watu saba wanaisukuma kwenye mteremko ulio mbele ya duka langu, natia gia ya pili, inashika. Mimi nilianza na jembe la kuazima kwenye mashamba ya kahawa ya wenyewe, leo nina duka na bati juu ya kichwa, na hakuna aliyenisukuma kufika hapa. Sasa nasukumwa kila asubuhi. Sipendi.

Na usidhani nimesahau siku ulipopita shambani juu ya lori la kwenda Arusha. Nilikuwa nimesimama barabarani tangu alfajiri, nimevaa shati la kufuliwa. Miaka mitatu nilifanya vibarua viwili kwa siku moja ili wewe ujifunze kushika spana, nawe ukanipungia mkono ukapita. Mpaka leo sijapata mstari mmoja kutoka kwako. Lakini hayo tuyaache. Niambie kasoro ya gari.

Kaka yako,
Boazi

Karatu, 20 Juni 1983

Kaka Boazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Dereva wa lori la mahindi ameniletea barua yako na atakurudishia hii.

Usibadilishe kitu bado. Nijibu kwanza haya. Plagi ukizifungua zinakuwa kavu au zimelowa petroli? Ikishawaka, ukiinua mguu kwenye mafuta inaunguruma au inazimika? Na kitufe cha choki, ukikivuta, mkono unasikia uzito?

Shemeji Bibiana mpe salamu zangu.

Mdogo wako,
Clemensi

Nainokanoka, 8 Julai 1983

Mdogo wangu,

Salamu. Bado tupo. Juzi pipa la maji lilifunga barafu juu, nyembamba kama kioo cha taa.

Plagi ni kavu. Nikiinua mguu inazimika papo hapo, mpaka iende kama maili mbili ipate moto. Choki haina tatizo, inavutika laini kuliko siku niliponunua gari.

Lakini sasa kuna jambo kubwa zaidi. Majirani wamegoma. Mkubwa wao ni Saning'o, ambaye boma lake liko nyuma ya duka. Jumatatu nilimpigia hodi kama kawaida, akatoka amejifunika blanketi, akabaki amesimama.

"Leo husukumi?" nikamuuliza.

"Sisukumi. Sisi tunasukuma, wewe unapata gari, sisi tunapata moshi. Hata kugeuka hugeuki. Juzi mke wangu alisukuma na nguo zake nzuri, alikuwa anakwenda zahanati. Alifikiri utampakia. Ulikwenda kama mwizi wa ng'ombe."

Sasa nisimameje, Clemensi? Nikisimama inazimika, na pale chini hakuna mteremko mwingine. Nimewauzia sukari watu hawa wakati haionekani popote. Wanachokitaka ni nishuke niwape mkono mmoja mmoja.

Ningenyamaza, ila Bibiana ni mjamzito na hesabu yake inaishia katikati ya Agosti. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa njiani, tulichelewa kuteremka, tukamzika. Huenda habari hizo hukuzipata. Mkunga amesema safari hii lazima ajifungulie hospitali ya Karatu. Gari jingine hapa kijijini hakuna. Kwa hiyo andika upesi.

Kaka yako,
Boazi

Karatu, 13 Julai 1983

Kaka,

Shikamoo. Habari za mtoto sikuzipata. Poleni sana, wewe na shemeji.

Kasoro ni choki. Ile ya kuvutika laini ndiyo mbaya. Waya umekatika ndani, unavuta kitufe kitupu. Injini ya baridi inataka petroli nyingi na hewa kidogo, na hiyo ndiyo kazi ya choki. Bila choki haiwaki, na ikiwaka haitulii. Waya mpya haupo Karatu wala Arusha, nimeuliza. Kwa sasa fungua boneti, ule mkono mdogo ubavuni mwa karbureta ufunge kwa kamba, injini ikishapata moto uufungue. Kifuniko cha distributa kikaushe jikoni kila asubuhi, ukungu unaingia humo. Lakini betri yako imeshachoka, kwa hiyo hata hivyo utahitaji kusukumwa.

Saning'o ulimwambia kwamba gari analolisukuma likisimama linazimika? Hajawahi kuendesha. Anachoona ni mgongo wako.

Dereva wa lile lori alinipandisha juu ya magunia kwa sharti kwamba hasimami popote. Ningeruka, ningebaki shambani. Shati nililiona. Lilikuwa la bluu.

Mdogo wako,
Clemensi

Nainokanoka, 2 Agosti 1983

Mdogo wangu,

Salamu. Tuko wazima, Bibiana anatembea kwa shida.

Kamba nimejaribu. Inawaka vizuri zaidi, ila nikiisahau imefungwa inatoa moshi mweusi na kunywa petroli, na petroli unajua ilivyo adimu.

Nilikwenda kwa Saning'o. Sikwenda kuomba, nilikwenda kueleza. Nilimweleza choki, nikamweleza gia ya pili, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni ndama aliyezaliwa leo," akasema. "Ukimwachia, anaanguka."

"Ndiyo hivyo."

"Mbona hukusema tangu Mei?"

"Nilidhani mnajua."

"Tungejulia wapi, dukani kwako?" Akacheka peke yake. Kisha akasema vijana wake watasukuma, lakini yeye atakaa mbele tangu mwanzo. Akiwa ndani, hakuna wa kusema wameachwa. Nikamwambia nafasi ya mbele ni ya mgonjwa. Akasema viti viko vitatu, amehesabu.

Kuhusu lori, hukuniambia kama dereva alikataa kusimama. Bibiana anasema hata mimi sikumwambia Saning'o. Nimemwambia aangalie chai isimwagike.

Kaka yako,
Boazi

Karatu, 17 Agosti 1983

Kaka Boazi,

Shikamoo. Nakuachia karatasi hii kwenye usukani.

Asubuhi ulipita mbele ya gereji yangu, ukanipungia mkono, hukusimama. Nilimwona shemeji alivyojiegemeza, nikawafuata kwa baiskeli hadi hospitali.

Muuguzi ameniambia ni msichana, na mama yake ni mzima. Amesema wewe umelala kwenye benchi la nje ya wodi. Nimemkataza asikuamshe.

Saning'o yumo ndani ya gari. Amekataa kushuka, anasema akishuka watu watasema ameachwa. Aliniuliza kama mimi ndiye yule wa lori. Nikamwambia ndimi. Akasogea, akanishikia spana mpaka nikamaliza.

Choki nimeitengeneza kwa waya wa breki ya baiskeli yangu. Ukivuta kitufe utasikia uzito. Plagi nimezisafisha, na betri nimekuwekea ile ya gereji. Sasa unaweza kusimama popote, injini ikiwa baridi au moto.

Baiskeli nimeipakia nyuma ya gari lako, maana haina breki tena na mimi nimerudi kwa miguu. Itabidi usimame kwangu uishushe.

Mdogo wako,
Clemensi